Mfupa wa Nyuma ya Sikio

Consolée alikuwa anataka kwenda chooni, na hakuweza. Miguu ilikuwa mizima, ile miguu iliyolima mihogo kijijini Kiringye tangu alipoolewa, na choo kilikuwa pale nyuma ya nyumba, ukivuka ua tu umefika. Tatizo lilikuwa mkwe wake. Gédéon, mume wa binti yake Florentine, alikuwa nyumbani, mahali fulani kati ya baraza alipotengenezea telefone za watu na ule ua, na Consolée hakuwa na njia ya kujua ni wapi, kwa maana alikuwa kiziwi.

Kwa watu wake, mama mkwe na mkwe hawakutani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawaitani majina. Wakipishana njiani, mmoja anaingia majanini. Ni heshima, na heshima hiyo ina ufunguo wake: mkwe akikaribia anakohoa, mama mkwe akisikia anajiondoa. Kazi rahisi kabisa. Ila walioiweka desturi hiyo hawakufikiria siku ambayo mama mkwe asiye na masikio ataletwa na vita kulala chini ya bati la mkwe wake, katika nyumba ya vyumba viwili hapa Nyamianda, mtaa wa kando ya ziwa, ambapo hata hayo majani ya kujificha hakuna.

Masikio yalimharibikia utotoni. Yalitoka usaha mwaka hata mwaka, bibi yake akayatia maji ya majani, usaha ukakauka, ukarudi, na alipojifungua mtoto wa kwanza dunia ilikuwa imeshanyamaza. Sauti yake mwenyewe tu ndiyo aliyobaki nayo, anaisikia ndani ya kichwa kama mtu anayeongea kisimani, na kwa sababu hiyo alizoea kusema polepole. Huko Kiringye uziwi haukuwa neno. Mihogo haikuiti. Jirani akitaka kukwambia jambo anakuja mbele yako, anapanua mdomo, anatumia mikono, mnaelewana, mnacheka, mnarudi kwenye jembe.

Basi wenye bunduki wakashuka, Kiringye ikakimbia, na yeye akakimbia nayo akiwa na sufuria na vitenge viwili. Florentine akampokea kwa machozi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wahenga, na Consolée angelipokea hilo jembe kwa mikono yote. Hakupewa. Alipewa chumba.

Mwanzoni alijaribu kuishi kama mtu. Asubuhi moja, Florentine akiwa sokoni anauza ndagala zake, vile visamaki vikavu vya ziwani, alitoka na kopo la maji kwenda chooni, akazunguka kona ya nyumba, na hapo hapo akakutana na Gédéon anatoka kuoga, taulo kiunoni, povu bado liko sikioni. Gédéon alikuwa amekohoa, haki yake apewe. Alikohoa akiwa bafuni, akakohoa mlangoni, akakohoa mpaka mpita njia angedhani ana kifua kikuu. Mama mkwe hakusikia kitu. Walipoonana, yeye alijifunika uso kwa kitenge, akajigonga kwenye pipa la maji, akaanguka chali. Mkwe akakimbilia langoni, akatokea barabarani na taulo lile lile. Georgette, jirani wa upande wa ziwa, aliyaona yote juu ya ua wa matete, na mtu akishaonwa na Georgette ameshaonwa na Nyamianda yote. Consolée hakusikia kicheko, lakini kicheko kina meno, na meno yanaonekana.

Tangu siku hiyo hakutoka chumbani mpaka Florentine amwambie njia iko wazi. Na Florentine alikuwa mtu wa soko, anaondoka kabla ya jua na kurudi limeshapinda. Chumba kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta. Saa sita bati linawaka moto, harufu ya ndagala zinazoanikwa ufukweni inaingia mpaka kwenye godoro, na ziwa lenyewe halionekani. Alijifunza kutokunywa maji asubuhi. Mwanamke mzima, mama wa watoto saba, anaogopa kikombe cha chai! Alikuwa na hasira, tuseme kweli tu, hasira ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi mbele ya majani.

Lakini kuna jambo lililomkaa kooni kuliko hayo yote. Aliamini kwamba Gédéon anataka aondoke. Ishara alizikusanya mwenyewe, na mtu aliyefungiwa chumbani ana kazi gani nyingine? Gédéon sasa anakulia barazani kama mpita njia. Akipita ukumbini anapita mbio, macho chini. Kuoga anaogea kwa rafiki yake. Mwanamume anayekimbia nyumba aliyoijenga mwenyewe, anamkimbia nani? Na Georgette alikuwa ameshayasema hayo bombani, mbele ya wanawake wote, kwamba mkwe amechoka na yule bibi ila anaogopa mke wake. Florentine alirudi na ndoo na macho mekundu, na mama yake akamkamua mpaka akasema sababu.

"Ni uongo, mama," Florentine alimwambia, kwa mdomo mpana na mikono, akimtaja mumewe kwa jina la mtoto wao. "Baba Annie anasema ukae. Ukae kabisa."

Consolée alimtazama mtoto wake. Florentine tangu utoto alikuwa mtu wa kupatanisha. Ukimtuma maneno machungu, anayatia sukari njiani. Hakumwamini hata kidogo.

Halafu wanawake wa Kiringye waliokuwa wanalala kwenye shule ya karibu walipita kumsalimu. Walikuwa wamepatana kurudi Jumatatu alfajiri, wavune mihogo kabla haijaoza ardhini. Kati ya waliowatangulia, wawili hawakuonekana tena, na hakuna aliyejua waliishia wapi. Consolée akagonga kifua chake kwa kidole. Na minye niko, akasema, yaani na yeye anakwenda. Florentine alilia, akapiga magoti, akamshika miguu. Mama yake akamwambia kwa ile sauti yake ya polepole kwamba kule watu wanakufa wakitembea, na hapa yeye anakufa ameketi.

Ilikuwa Jumatano. Na Alhamisi Florentine alirudi sokoni mapema, akamkuta mama yake ameketi sakafuni, shingo imepinda, kichwa kimebanwa kwenye mwimo wa mlango, mbao imeshamchora mstari shingoni. Akadhani akili zimemruka.

"Nyamaza," akasema Consolée. "Minye nasikiliza."

Mtu akibanwa hupata akili. Alikuwa amegundua kwamba akiegemeza ule mfupa wa nyuma ya sikio kwenye mbao, sawasawa, lango la bati likifungwa anapata sauti. Sauti kweli, ndogo, ya mbali, du, katikati ya kichwa. Na nyayo kwenye saruji, du, du, du. Za Gédéon alishazijua, nzito upande mmoja. Hivyo ndivyo alivyokuwa anavizia njia ya choo siku zile, na shingo ilikuwa inamuuma sana.

Jioni Florentine akamsimulia mumewe kule barazani. Gédéon aliacha bisibisi hewani. "Mufupa gani?" akauliza. "Onyesha."

Hapa lazima nieleze, maana ndipo inapochekesha na kuliza. Huyu Gédéon, zaidi ya telefone, alikuwa anatengeneza vifaa vya kusikia. Alianza na Sharifa, muuza vitenge, ambaye masikio yake yaliharibiwa na usaha vile vile. Sikio la mtu kama huyo, alipenda kueleza, ni nyumba ambayo mlango umeziba lakini ndani taa iko inawaka. Basi unaachana na mlango, unapitisha sauti ukutani. Ukuta ni mfupa. Alikuwa anapata vile vidude vya kusikilizia muziki vinavyotetemeka juu ya mfupa badala ya kuingia sikioni, anavifungua, anaviongezea maikrofoni na kikuza sauti, anavitundika nyuma ya sikio kwa waya wa spoki ya baiskeli, kwa sababu spoki inapinda na haisahau ilivyopindwa. Sharifa alikivaa chini ya mtandio, na wateja waliozoea kumtukana mbele yake kwa sababu ya bei walipata aibu ya mwaka.

"Na miezi yote hii hukumufikiria mama yangu?" Florentine akamuuliza.

"Kila siku nilimufikiria. Lakini hii kitu haivalishwe kwa maneno. Lazima nimushike kichwa."

Na mkwe kumshika mama mkwe kichwa, heri ashike umeme.

Gédéon alikuwa mtu wa akili, na mtu wa akili akibanwa na haya anatafuta kichochoro. Kichwa cha binti ni kichwa cha mama, akajisemea. Akamkalisha Florentine kitini, akapima kutoka sikio mpaka mfupa, akapinda spoki, akatia kipande cha raba mahali pa kugusa ngozi, akajaribu, akapinda tena. Ijumaa kifaa kilikuwa tayari, kizuri, kimekaa kwenye kichwa cha Florentine kama alizaliwa nacho. Florentine akakichukua mpaka chumbani, akamtundikia mama yake.

Kikaanguka. Akakitundika tena, kikalala upande, kikapiga mluzi ambao Consolée hakuusikia lakini mbwa wa jirani aliusikia. Florentine akatoka ukumbini kumuuliza fundi, fundi akaeleza akiwa nyuma ya pazia la mlango wa chumba, Florentine akarudi, akasogeza, kikaanguka. Mwisho kwa hasira akakikandamiza kwa kidole gumba mfupani, akaita. Na Consolée akashtuka. "Ma," alikuwa amesikia. Nusu ya neno, kwa sauti ambayo hakuijua, sauti ya binti yake ambaye alimzaa, akamnyonyesha, akamwozesha, na hakuwahi kumsikia hata siku moja. Kidole kikateleza. Nusu ya pili haikufika.

Jumamosi nzima walikitafuta kile kipande cha neno. Florentine alibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi, akibonyeza kidogo hakuna kitu, akibonyeza sana kitetemeshi kinakabwa. Gédéon nyuma ya pazia alikuwa anatoka jasho. Mahali penyewe ni padogo kuliko ukucha, alisema, na ni lazima mtu mmoja apaguse kwa kidole huku mkono mwingine unapinda waya kwa koleo. Mtu huyo ni yeye, na hawezi.

"Hawezi nini?" akauliza Consolée, aliposomewa hayo kwa mikono.

"Anaogopa, mama. Anasema atapata laana. Tena watu watasema."

Kesho yake Jumapili, wenye nyumba walipotoka kanisani, Consolée akamtuma Florentine amsimamishe mumewe nyuma ya pazia, asiondoke. Akasema polepole, akiliangalia lile pazia.

"Mwambie Baba Annie. Minye nikifa, nani atachimba kaburi? Si ni wakwe? Nani atanibeba, anishushe ndani? Ni yeye. Siku ile mikono yake itanishika na hakuna mutu atasema neno. Basi anishike leo, ningali na joto. Mficha uchi hazai, na minye nilizaa saba."

Pazia halikutikisika. Florentine akatoka, akarudi.

"Anasema watu, mama."

"Watu walishasema. Walimuona na taulo."

Florentine akacheka, akajiziba mdomo. Kisha pazia likasogea kidogo, na Consolée akageuka haraka, akakaa kwenye kigoda, mgongo mlangoni, akajitupia kitenge usoni mpaka kifuani. Kichwa tu nyuma kilibaki wazi. Moyo ulikuwa unampiga, na ule aliusikia vizuri sana.

Alimjua kwa harufu ya risasi iliyoyeyushwa, ile ya kuunganishia nyaya za telefone. Vidole vilipomgusa vilikuwa vya baridi, vidole vya mtu anayetoa yai chini ya kuku mkali. Vikagusa, vikaondoka, vikagusa tena. Gizani ndani ya kitenge Consolée alitamani ardhi ipasuke. Ngozi yote ilikuwa inamwambia inuka, kimbia, na hakukuwa na pa kukimbilia, ukuta mbele, mkwe nyuma. Akauma meno.

Vidole vikapata mfupa. Vikapanda juu kidogo, vikasimama. Palikuwa na kitu pale ambacho Florentine hakuwa nacho. Huko milimani juu ya Kiringye, alikokulia, wanawake wanabeba mizigo mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, na kamba ile kwa miaka ilikuwa imechimba mfereji kichwani mwa Consolée, kutoka paji mpaka kisogo, ikalaza na ncha za masikio. Spoki iliyopimwa kwenye kichwa cha mtoto aliyepelekwa shule ingekaa wapi hapo? Gédéon aliufuata ule mfereji kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka upande wa pili. Hakuna aliyewahi kumwambia. Halafu mikono ikaondoka, na Consolée akahisi sakafu inatikisika kwa mtu anayetoka mbio.

"Amekimbia," akasema ndani ya kitenge. Na ukweli ni kwamba aliumia.

Lakini alikuwa ameenda kuchukua spoki ndefu. Aliirudisha, akaipinda upinde mmoja wa kuvuka kichwa, akaulaza ndani ya mfereji wa kamba, na waya ukatulia pale bila kubembelezwa. Kitetemeshi kikashuka nyuma ya sikio. Akakaza kidogo, akaacha. Florentine akamchorea mama yake kiganjani kwa kidole, kwa ishara zao walizozoea gizani: anaogopa kukuumiza.

"Akaze," akasema Consolée. "Hiki kichwa kilishusha mihogo kutoka mulimani. Spoki ya kinga, ya baiskeli tu, haiwezi kuniua."

Gédéon akakaza.

Kwanza ilikuja kelele ya mafuta yanayokaangwa. Halafu kelele ikapasuka vipande, na kila kipande kilikuwa kitu. Kuku. Bati linalolia kwa joto. Kitu kinachokwaruza, kwaru, kwaru, upande wa ua wa matete, akatambua ni mtu anafagia. Pumzi ya mtu, nzito, nyuma yake karibu sana.

"Mama," akasema Florentine. Neno lote, mwanzo na mwisho.

Florentine akaanza kulia, na kulia kumbe kuna sauti, Consolée alikuwa amesahau. Alinyoosha mkono gizani akamshika binti yake, akamvuta mpaka magotini pake.

"Baba Annie," Florentine akasema akivuta kamasi. "Sema kitu na weye. Tujue kama anasikia mwanaume."

Mtu atamwambia nini mama mkwe wake, ambaye tangu aoe hajawahi kumwambia hata "jambo"? Consolée alisikia mate yakimezwa. Akasubiri kwa uoga, kwa sababu sasa hakukuwa na Florentine katikati, hakuna wa kutia sukari. Kitakachosemwa ndicho kitakachofika.

"Mama," sauti ikasema, nyembamba, changa kuliko alivyodhani kwa mtu wa nyayo nzito vile. "Usirudie Kiringye. Utakufa bule. Kaa na siye."

Chini ya kitenge machozi yalimtoka Consolée bila yeye kuyaruhusu. Miezi yote ile. Kula barazani, macho chini, kuoga kwa watu. Alikuwa anamwachia nafasi, maskini, alikuwa anajaribu kumpa ule ua mzima wa nyumba na yeye hakujua. Alijionea aibu, akaona furaha, vyote viwili pamoja. Na katikati ya hayo yote akatambua kwamba ule ufagio upande wa pili wa matete umesimama. Georgette alikuwa amesimama pale, masikio wazi.

Consolée akafuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Sijasikia," akasema. "Aseme tena."

"Usirudie Kiringye, mama," Gédéon akasema kwa nguvu kidogo. "Kaa na siye."

"Sauti iko ndogo. Nasikia upepo tu."

Fundi alihangaika. Akagusa waya, akagusa batri, akakuta kila kitu kiko sawa, akakaa akikuna kichwa. Kisha akavuta pumzi ya mtu anayeita mtumbwi, akapiga kelele iliyotoka dirishani, ikavuka ua na kushuka mpaka kwa waanika ndagala.

"Mama Consolée! Usirudie Kiringye! Hii nyumba ni yako, ua ni yako! Ni minye Gédéon nasema, kaa na siye!"

Ufagio ukaanza tena, polepole sana, ukienda mbali na ua.

"Sasa imefika," akasema Consolée. "Florentine, kawaambie wale wanawake waende bila minye."

Ilikuwa imefika tangu mara ya kwanza, kila neno. Zile nyingine zilikuwa za Georgette.